Kampeni ya Tawi, Mafuta ya Nani?

Uchaguzi wa chama cha wafanyakazi ukikaribia, mtunza stoo huujua kabla msimamizi hajatangaza tarehe. Rimu za karatasi zilizozoea kufika mwisho wa mwezi zinakwisha wiki ya pili. Printa ya masjala inadai tona. Gari lililosemekana bovu tangu Pasaka linapona ghafla na kupangiwa ziara ya kutembelea matawi. Kwenye kundi la WhatsApp la tawi, ambako siku zote hupita taarifa za misiba na michango ya harusi, katibu anaanza kuweka picha zake za suti, moja kila asubuhi, na maneno ya kumshukuru Mungu kwa siku mpya.

Kila mtu anaona, na karibu kila mtu ananyamaza. Mmoja anaogopa kuitwa mchochezi, mwingine mgombea wake naye anafanya hivyo hivyo, na wengi wamejiambia kwamba karatasi za ofisi hazina mwenyewe. Nimeandika nikiwalenga watu wanne: anayegombea, anayepiga kura, afisa utumishi anayevutwa shati na kila kambi, na yule aliyebebeshwa kazi isiyo na shukrani ya kusimamia uchaguzi.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba "ni rimu moja tu." Kweli, rimu moja haimfilisi mwajiri. Kinachopaswa kuhesabiwa ni deni. Katibu wa tawi aliyeingia madarakani kwa gari la meneja ndiye atakayekaa na meneja huyo huyo kujadili mkataba wa hali bora: nyongeza ya mshahara, posho ya zamu ya usiku, nani apunguzwe kazi na nani abaki. Gari halitatajwa kikaoni, wala halina haja ya kutajwa. Wawili hao wanalikumbuka. Wanachama ndio wasiojua kwa nini kiongozi wao ameshuka bei haraka namna ile.

Huo ni mfuko wa mwajiri. Mfuko wa pili ni wa chama chenyewe, na huu huchotwa na walio madarakani. Makato ya ada mara nyingi ni asilimia 2 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anatoa 16,000 kila mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka, kabla hajaishika mkononi. Sasa mwanachama huyo aamue kugombea dhidi ya katibu aliyepo. Ada yake inajaza tanki la gari la chama, gari linampeleka katibu matawini "kusikiliza kero," na kero ya kwanza kusikilizwa huko ni nani atampigia nani kura. Mpinzani anajikuta anagharamia kampeni mbili, yake na ya mtu anayemwania kiti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, haitaji printa wala dizeli. Kifungu cha 46 kinataka chama, ili kisajiliwe, kiwe huru na kisiwe chini ya mwajiri au jumuiya ya waajiri; namna ya kuwapata viongozi inaachiwa katiba ya chama. Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1949, ambao Tanganyika iliuridhia 1962, unasogea karibu zaidi: kukisaidia chama cha wafanyakazi kwa fedha au kwa njia nyingine, kwa nia ya kukiweka chini ya mwajiri, ni kuingilia uhuru wake. Nchi yetu inajua chama kisicho huru kinavyokuwa. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliundwa 1964 baada ya vyama vya awali kuvunjwa. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi hakuulizwa lolote kuhusu kiti hicho.

Kuna mtego unaowanasa hata wagombea wenye nia safi. Kifungu cha 60 cha sheria hiyo kinampa mwakilishi wa chama haki ya kuingia eneo la kazi, kuandikisha wanachama na kufanya nao mikutano, na kinamtaka mwajiri akipe chama anachokitambua nyenzo za kutosha kwa shughuli zake. Basi katibu anayegombea anasema: ofisi hii, kompyuta hii na simu hii ni za chama kwa mujibu wa sheria, kwa nini nisizitumie? Ni za chama, hilo sina ubishi nalo. Ila chama ni wanachama wote, pamoja na yule anayetamani katibu aondoke kesho. Nyenzo zile zilitolewa ili malalamiko yaandikwe, vikao viitishwe na mikataba ijadiliwe. Hata muda wenye malipo anaopewa mwakilishi wa wafanyakazi umetolewa kwa kazi ya uwakilishi. Kuomba kura si uwakilishi.

Ukiwa na shaka juu ya jambo lolote, jiulize maswali mawili tu. Je, kazi hii ingefanyika hata kama mwaka huu hakuna uchaguzi? Na je, ingefanyika vivi hivi kama jina langu lisingekuwemo kwenye karatasi ya kura? Likikwama mojawapo, tumia fedha yako.

Nchi iliyoliandika jambo hili kwa ukali ni Marekani. Sheria yao ya mwaka 1959, inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Landrum na Griffin, inakataza ada za wanachama na fedha ya mwajiri yeyote kutumika kumnadi mgombea wa uongozi wa chama. Yeyote, hata mwenye kampuni isiyo na mwanachama hata mmoja wa chama hicho. Fedha ya chama inaruhusiwa kwa matangazo ya uchaguzi, kwa maelezo ya masuala yasiyogusa wagombea, na kwa gharama za kuendesha kura yenyewe. Mstari umepigwa kati ya kuendesha uchaguzi na kumnadi mtu, na sijaona mahali pengine ambapo umepigwa wazi zaidi. Hakuna kinachozuia katiba ya chama chako kuuazima.

Yaliyoipata Teamsters yanafaa kusimuliwa kwa kila mgombea anayejiona yuko upande wa haki. Hicho ni chama kikubwa cha madereva wa malori na wafanyakazi wa maghala huko Marekani. Kwa miaka mingi kilishikwa na mafia, hadi serikali ikaenda mahakamani na mwaka 1989 yakafikiwa makubaliano ya kukisafisha. Mwaka 1991, mara ya kwanza wanachama kumchagua rais wao moja kwa moja, alishinda Ron Carey, mtu aliyeanzia kwenye usukani wa gari la vifurushi la kampuni ya UPS, akiwa mgombea wa mageuzi. Mwaka 1996 akashinda tena, kwa tofauti ndogo, dhidi ya James P. Hoffa. Agosti 1997 akaongoza mgomo wa wafanyakazi wapatao 185,000 wa UPS, ukadumu wiki mbili na zaidi kidogo, na wafanyakazi wakashinda.

Siku chache baada ya mgomo kwisha, msimamizi wa uchaguzi chini ya mahakama akaufuta uchaguzi wa 1996. Ilibainika kwamba watu wa kampeni ya Carey walikuwa wamezungusha fedha ya chama: hazina ya chama inachangia mashirika ya kisiasa, na upande wa pili wafadhili wanachangia kampeni. Watatu walikiri makosa. Novemba mwaka huo huo Carey akazuiwa kugombea marudio, mwaka uliofuata akafukuzwa uanachama, na Hoffa akachukua kiti. Carey baadaye alishtakiwa kwa kusema uongo kuhusu fedha hizo, na mwaka 2001 juri ikamwona hana hatia. Alishinda kesi, kiti hakikurudi.

Mimi najifunza mambo mawili hapo. Kwanza, wapambe ndio huharibu. Mgombea mwenyewe anaweza kuwa hajui, lakini kitakachofutwa ni ushindi wake. Pili, aliyeumia zaidi hakuwa Carey. Ni wale waliotoka kwenye mgomo wakiwa na nguvu ambazo chama hicho hakikuwa nazo kwa miaka mingi, wakajikuta hawana rais wa kuisimamia mikataba waliyoipigania. Kwa hiyo, mgombea, kabla hujachapisha picha hata moja, waite wapambe wako, waambie kwa maandishi ni vitu gani hawaruhusiwi kugusa, na ubaki na nakala. Ujumbe wa simu unatosha, ilimradi usiufute.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe. Karatasi na printa nazipita haraka: kuna duka la fotokopi nje ya karibu kila ofisi nchini, nenda huko, dai risiti ya EFD, iweke. Hilo limekwisha.

Saa za kazi ni ghali zaidi na hazionekani. Muuguzi anayeiacha wodi kwenda maabara kuomba kura amemwachia mwenzake wagonjwa. Mwalimu anayezunguka shule za jirani saa nne asubuhi ameliacha darasa. Anayelipia ni mgonjwa na mwanafunzi, ambao hawana hata kura. Ombeni kura wakati wa chakula, zamu zinapobadilishana getini, jioni, Jumamosi. Ukihitaji siku nzima, chukua siku katika likizo yako ya mwaka, uiombe kwa fomu kama likizo nyingine yoyote. Najua hii inampa nafuu mtu wa ofisini kuliko wa mashine, kwa kuwa wa ofisini huzungumza na watu hata akiwa kazini. Hilo haliondoki lote. Msimamizi anaweza kulipunguza kwa kuwaomba wakuu wa vitengo nusu saa moja ya pamoja, ambapo wagombea wote wanasimama mbele ya watu wale wale, dakika sawa kwa kila mmoja.

Magari na posho ni ugonjwa wa walio madarakani, katika chama na katika menejimenti. Ziara ya matawi ni kazi halali ya kiongozi, hivyo huwezi kuipiga marufuku mwaka mzima. Unachoweza ni kuweka kipindi, tuseme wiki 6 kabla ya kura, ambacho ziara yoyote ya kiongozi anayegombea inahitaji kibali cha kamati ambayo yeye hayumo, na ripoti yake inabandikwa ubaoni: alikwenda wapi, alikutana na nani, aliacha nini. Wagombea wengine wapewe nafasi ya kufika kwenye mkutano huo huo. Ukiona kiongozi anakataa kibali cha namna hiyo, umekwisha kujua safari ilikuwa ya nini. Dereva naye namwambia hivi: ndugu yangu, jaza daftari la safari kama safari ilivyokuwa. Ukiandika "kikazi" safari isiyokuwa ya kikazi, siku ya ukaguzi jina litakaloonekana ni lako. Na kwa gari lenye namba za SU au SM, yaani la shirika la umma au la serikali za mitaa, jambo linaweza kutoka mikononi mwa chama kabisa, maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kosa la matumizi mabaya ya madaraka, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haihitaji ruhusa ya mkutano mkuu.

Simu ndiko kampeni zilikohamia, na ndiko kanuni za vyama vyetu zimechelewa zaidi. Kundi la WhatsApp la tawi huanzishwa na katibu, kwa hiyo msimamizi wa kundi ni katibu. Mwaka wa uchaguzi yeye ndiye anayeamua nani anaongea, ujumbe wa nani unafutwa, nani anatolewa "kwa kuvuruga amani." Hakutumia shilingi ya mtu, lakini ameshika mlango wa ukumbi ambao wanachama wote wamo. Kundi lile likubaliwe kuwa mali ya tawi, hata kama liliundwa na simu binafsi ya mtu. Tangu siku fomu zinapoanza kutolewa, usimamizi wake ukabidhiwe kwa msimamizi wa uchaguzi na mtu mwingine mmoja asiyegombea. Kila mgombea aweke ujumbe mmoja kwa siku iliyopangwa, wa urefu uliokubaliwa, na picha moja. Anayetaka kusema zaidi aanzishe kundi lake na aombe watu wajiunge kwa hiari. Kumwingiza mtu kundini bila kumuuliza kunaudhi, na mtu aliyeudhiwa hupiga kura hivyo hivyo akiwa ameudhika.

Orodha za namba ni jambo zito zaidi. Mara nyingi mgombea mwenye rafiki kitengo cha mishahara huletewa faili lenye majina, namba za simu na vituo vya kazi vya watumishi wote, na jioni hiyo watu wanapokea ujumbe unaowaita kwa majina yao matatu. Wanashangaa, wengine wanafurahi kwamba wamekumbukwa. Zile namba mfanyakazi alizitoa ili alipwe mshahara na apigiwe simu likitokea jambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Aliyelitoa faili na aliyelitumia wote wako pabaya, na yupo wa kumpelekea malalamiko: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuna njia safi ambayo Wamarekani wameitumia kwa miongo mingi: mgombea haoneshwi namba za watu, analeta tangazo lake, chama kinalituma kwa wanachama wote, na mgombea analipia gharama. Kila mmoja anatozwa bei ile ile. Katika tawi la watu 200 gharama hiyo ni ndogo kuliko soda za mkutano mmoja.

Barua pepe ya kazini iacheni kabisa. Kompyuta ile ni ya mwajiri, anaweza kuisoma, na ujumbe wa kampeni uliotoka saa tano asubuhi unamkabidhi ushahidi wenye tarehe na saa.

Nisiisahau Mei Mosi. Mwaka wa uchaguzi sikukuu hii huwa na fulana nzuri kuliko miaka mingine. Chama kununulia wanachama fulana na kofia ni desturi, na sina ugomvi nayo. Watu wanaandamana juani, wavae. Ugomvi unaanza pale mgongoni panapoandikwa jina la mwenyekiti, au fulana zinapogawiwa kwa orodha ya wanaojulikana kumuunga mkono, au zinapobaki maboksi matatu stoo na kutokea tena wiki ya kampeni. Mwajiri naye siku hiyo hutoa zawadi za mfanyakazi hodari, na si mara moja hodari wa mwaka wa uchaguzi ameonekana kuwa mgombea ambaye menejimenti inaelewana naye. Watakaotetea watasema ni ukarimu. Nchi hii ilikwisha jaribu kuuhalalisha ukarimu wa namna hiyo katika uchaguzi wa siasa kwa jina la takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Fulana za Mei Mosi ziwe na jina la chama na kaulimbiu ya mwaka, basi, na mabaki yahesabiwe mbele ya watu na kufungiwa hadi kura ipite.

Afisa utumishi, wewe unaombwa ukumbi, unaombwa spika, unaombwa "umruhusu kidogo" mtu fulani. Jibu lako liwe la aina moja: ombi lipite kwa msimamizi wa uchaguzi, kwa maandishi, na utakachompa mmoja umewapa wote. Ukumbi uliotolewa kwa wagombea wote kwa siku na saa zilizotangazwa hauna kasoro. Ukumbi ule ule akipewa mmoja wao Ijumaa jioni kwa sababu "ni mtu wa kuelewana naye" unakuwa mchango wa mwajiri, hata kama hukutoa senti. Na bosi wako akikuuliza tumsaidieje fulani ashinde, mwambie ukweli wa kibiashara: kiongozi anayejulikana ni wa menejimenti hawezi kuwatuliza wafanyakazi siku ya mgogoro, kwa kuwa hawamsikilizi. Mkataba aliousaini hauheshimiwi shambani wala kiwandani, na mazungumzo yataanza upya na watu wenye hasira.

Upo upande wa pili, nao hausemwi vya kutosha. Mwajiri asiyempenda mgombea anaweza kuigeuza kanuni hii ya kutogusa mali ya ofisi kuwa fimbo. Watu kumi wamechapa vipeperushi kwa printa ya ofisi. Anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu ni mmoja, yule anayedai malimbikizo ya saa za ziada. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri awe na msimamo mmoja anapotoa adhabu, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinakataa kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kushiriki shughuli halali za chama. Ukiachishwa kwa mtindo huo, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usisubiri ahadi za kumalizana kienyeji huku siku zikikatika. Lakini kinga ya kwanza ni kutompa sababu. Mgombea anayemsumbua mwajiri ndiye hasa anayepaswa kulipia kila karatasi yake.

Fedha zitoke wapi, basi? Mfukoni mwako, na kwa wanachama wenzako wanaochanga kwa hiari nje ya saa za kazi. Nunua daftari, andika kila mchango na kila matumizi. Usipokee kwa mzabuni wa kampuni, mwenye kantini, mwanasiasa wala meneja, hata akisema anatoa kama jirani. Kampeni ya tawi haihitaji mengi: ukurasa mmoja unaosema utafanya nini kuhusu mambo mawili matatu yanayowauma watu, nauli ya daladala, na muda wa kuongea na watu mmoja mmoja. Nimewaona walioshinda kwa hayo tu. Nimewaona pia walioshindwa kwa hayo tu, sitakudanganya.

Na mwanachama uliyeona mchezo mchafu ufanye nini? Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Piga picha gari likiwa na namba na bendera za kampeni, hifadhi ujumbe pamoja na namba iliyoutuma. Usiibe nyaraka za mwajiri ili kuthibitisha kosa la mwingine. Utajiingiza kwenye kosa lako. Peleka malalamiko kwa msimamizi mapema, wakati bado yanarekebishika, maana kundi la WhatsApp linaweza kukabidhiwa na mpinzani akapewa nafasi sawa. Wengi hulalamika baada ya matokeo, na hapo huonekana wanalia kwa kushindwa. Usiposikilizwa, fuata ngazi za rufaa zilizo kwenye katiba ya chama, na uweke nakala yenye mhuri ya kila barua. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Ajira kinampa mwanachama au Msajili wa vyama njia ya kwenda Mahakama ya Kazi pale chama kinapokiuka katiba yake, na mahakama inaweza hata kuutengua uchaguzi, lakini itataka kujua kama njia za ndani zilimalizwa, au kama kuna sababu nzuri ya kutozisubiri. Msomaji wa Kenya atakuta njia inayofanana: Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka uchaguzi uende kwa katiba ya chama, na migogoro huishia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Pima uzito kabla ya kwenda huko. Tofauti ya kura 4 katika tawi lililozungukwa na gari la kampuni wiki nzima ni jambo la kupeleka mbele. Tofauti ya kura 150 na nakala 20 za fotokopi ni jambo la kusema kwenye mkutano na kuliacha. Huko Marekani uchaguzi hutenguliwa pale ukiukaji unapoweza kuwa umeathiri matokeo, na naona ni kipimo cha haki hata pasipo sheria ya kukilazimisha.

Msimamizi, kazi yako inakuwa nyepesi ukiifanya mwanzoni. Andika ukurasa mmoja kabla ya fomu kutoka. Unaweza kusema hivi, kisha mkaurekebisha kulingana na tawi lenu: "Mimi mgombea nakubali kwamba sitatumia magari, karatasi, kompyuta, barua pepe, orodha za watumishi, saa za kazi wala fedha za mwajiri au za chama kujinadi, na sitaruhusu mtu mwingine afanye hivyo kwa niaba yangu. Nafasi yoyote nitakayopewa kazini nakubali wagombea wenzangu wapewe sawa. Nitatunza daftari la michango na matumizi, nami nitalionesha nikitakiwa." Kila anayekuja kuchukua fomu asaini mbele yako, kisha kurasa zote zibandikwe ubaoni. Akitokea anayekataa kusaini na katiba yenu haikuruhusu kumnyima fomu, mpe. Jina lake libandike pamoja na ya wengine, na pale pa saini uandike sababu aliyoitoa, kwa maneno yake mwenyewe.